Mrejesho: kibodi ya Commodore 64 imepona

Ndugu zangu, nilikuja hapa nikilalamika kwamba A, N na kitufe cha nafasi havikubali kwenye Commodore 64, kompyuta ya zamani ya marehemu baba, hapa Jinja. Nilikuwa karibu kuagiza chipu mpya ya 6526, ile inayosoma kibodi, nikidhani imekufa. Asanteni sana mlionizuia!

Mlisema kweli. Chipu hiyo husoma vitufe kwa mistari 8 kwa 8. Mstari mmoja ukifa, hufa na kundi zima la vitufe. Vyangu vilikuwa kwenye mistari tofauti, basi tatizo si chipu, ni uchafu.

Kazi ngumu ilikuwa kufungua. Skrubu ndogondogo nyingi, halafu nyaya mbili za Shift Lock (kitufe kinachofunga Shift) zimelehemiwa. Lazima uziachishe kwanza kwa pasi ya kulehemu, la sivyo bamba la saketi lililo chini ya vitufe halitoki. Ndani, vumbi letu jekundu lilikuwa limeganda. Nilipangusa bamba na vidoti vyeusi vya kaboni taratibu, kwa pamba na alkoholi ya isopropili. Msasa sikugusa, maana unakwangua kaboni yenyewe.

Jana usiku niliandika jina la baba. Herufi zote zilitokea.