Uliyejifungua, nani alikuuliza WEWE unaendeleaje? Tupeane uzoefu

Wamama wenzangu, naanza mimi. Nilijifungulia hapa Mwanza, salama, mtoto wa kwanza. Siku ya tatu machozi yakaanza. Nachemsha uji, nalia. Mtoto anapiga chafya, nalia. Mama mkwe, alikuwa amekuja toka Sengerema, akasema ni maziwa yanapanda, yataisha.

Hayakuisha. Yeye akarudi shambani. Mume wangu mvuvi wa dagaa Igombe, na dagaa mnaijua: siku za giza, mwezi usipoonekana, yuko ziwani usiku kucha, mchana kalala kama gogo, mbalamwezi ndiyo namwona. Yaani msaada wangu ulikuwa unafuata mwezi. Wiki ya sita namtazama mtoto, naona kama wa jirani kaniachia nimshikie. Sikumwambia mtu. Wageni wanakuja na sabuni na sukari, swali ni lilelile: ananyonya? kafanana na nani?

Aliyeniokoa ni mpangaji mwenzangu, mama anayeanika dagaa. Hakuniuliza kitu. Saa kumi jioni anagonga: "Lete huyo mtoto, kalale." Anambeba mgongoni huku anaanua dagaa kwenye vichanja mpaka magharibi. Kanga ya mtoto ilinuka dagaa hadi akatembea, nami nilikuwa nimelala.

Karibuni.

Mama Mapacha, Igoma
Mimi upasuaji, watoto wawili. Sheria ya kazi inanipa siku 100 (wa mtoto mmoja 84), baba yao siku 3. Hizo 3 aliziishia kwenye foleni ya dawa na kupokea simu za hongera. Nilikandwa vizuri, supu nilikunywa, ila nikisema nimechoka naambiwa "wenzio wanatafuta mmoja hawapati". Nikanyamaza.

Baba Wawili
Naomba niseme kama mwanaume. Nilidhani mke wangu ana kiburi. Anajifungia bafuni, anafungulia bomba nisisikie. Dada yangu akasema kuna mkono wa mtu, tukaenda kuombewa, sikatai. Ila siku ya chanjo ya wiki ya sita nesi alimgeukia yeye badala ya mtoto, akamuuliza usingizi, chakula, mawazo. Alilia pale benchi nusu saa. Kumbe sonona. Alipata ushauri na dawa, na mimi nikapewa zamu ya usiku.

Mkunga Mstaafu
Mleta mada, hilo la kumwona mtoto kama wa jirani nimelisikia sana, wengi wanaona aibu kulisema. Homoni zinaporomoka siku za mwanzo, kulia ni kawaida, ndani ya wiki mbili hupita. Ikivuka hapo, au mtoto kalala na wewe usingizi hauji, nenda kituoni. Inatibika, na zipo dawa unazomeza huku unanyonyesha. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake 13 hivi kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, nchi zetu karibu 20. Lakini mzazi akianza kusikia sauti au kusema mtoto ana pepo, msisubiri kukuche. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mtoto asiachwe naye peke yake.

Mleta mada
Asante mama. Baba Wawili, hiyo zamu mligawanaje? Nina mimba ya miezi saba, yule jirani amehama, na giza linaingia Alhamisi.