Vyeo vya watumishi kwenye kadi ya Neema

Kikundi: HARUSI YA NEEMA – FAMILIA
Ijumaa jioni

Mama Neema: Bwana asifiwe jamani. Shikamoo Babu, shikamooni wakubwa wote. Fundi wa kadi pale Digo Road anataka maneno ya programu kesho kabla ya saa nne. Majina nitajaza, nataka kwanza tukubaliane vyeo. Nimeandika hivi:
"Watumishi: Mtumishi wa Mungu Aliye Hai, Askofu Dakta Nabii (Mikindani). Fadha, parokia ya bwana harusi. Mama Mchungaji, mamake mdogo bibi harusi, atakayefungisha ndoa."

Mjomba Likoni: Safi dada. Fadha amethibitisha atakuja, ruhusa ya askofu wake imeshatoka.

Shangazi Rabai: Babu amesema marahaba, niko naye hapa barazani. Wifi, kadi ni nzuri, lakini hapo kwa mdogo wako pamenikwama. Mama Mchungaji ni mke wa mchungaji. Huyu mumewe anafundisha hesabu. Aliyewekewa mikono kuwa mchungaji ni yeye mwenyewe, mdogo wako.

Mama Neema: Ni heshima tu wifi. Kanisani kwake karibu wote wanamwita hivyo.

Shangazi Rabai: Najua wanamwita. Nauliza kama ndivyo alivyo.

Baba Mdogo Mikindani: Mimi naona tusibishane kwa jambo dogo. Bora tu cheo cha Nabii wetu kisipunguzwe hata neno moja. Akifika akute jina lake limekatwa nitaweka wapi uso?

Dani: Baba Mdogo, kwa heshima. Hicho cheo pekee kinakula mistari miwili ya kadi. Fadha kapewa neno moja.

Baba Mdogo Mikindani: Dani mwanangu, wewe ulikuwa mdogo. Nilipopunguzwa kazi bandarini, nani alikuja nyumbani na unga? Nani alilipa karo ya binti yangu muhula mzima? Ni yeye, na kanisa lake lilikuwa bado la mabati, watu hawafiki arobaini. Sisi waumini ndio tuliompa hayo majina, hakujipa. Tena ni ya kimaandiko. Waefeso 4:11, mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na walimu. Mbona mchungaji hakuna anayemuuliza ila nabii ndiye anayeulizwa?

Shemeji Changamwe: Hoja hiyo ina nguvu, Baba Mdogo. Orodha ni moja.

Mjomba Likoni: Ina nguvu kwa Nabii. Hiyo Dakta haiko Waefeso.

Baba Mdogo Mikindani: Alipewa shahada ya heshima, sherehe ilikuwa hotelini, tulikuwepo.

Mjomba Likoni: Shahada ya heshima hata vyuo vikuu vikubwa vinaitoa, na desturi ni kwamba aliyepewa hajiandiki Dakta mbele ya jina. Yule aliyekesha miaka akiandika tasnifu ndiye anayejiandika. Simdharau mtumishi wako. Nasema kadi itasomwa na watu wa chuo pia, wakwe zetu wawili ni wahadhiri.

Baba Mdogo Mikindani: Haya, na nyinyi Wakatoliki je? Mathayo 23:9 inasema msimwite mtu baba duniani. Kila Jumapili mnasema Fadha, Fadha. Anza kwako kabla hujaja kwangu.

Mjomba Likoni: Nalijibu hilo tangu nikiwa shule. Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho kwamba yeye ndiye aliyewazaa kwa Injili, 1 Wakorintho 4:15. Na sura hiyo ya Mathayo haikusema baba peke yake. Mstari wa 8 umetaja rabi, wa 10 umetaja kiongozi. Ukiibeba, ibebe yote, na Askofu aende nayo. Mimi naielewa kwamba Bwana alikuwa akiwaambia wale wanaopenda viti vya mbele na salamu za sokoni. Ugonjwa uko kwenye kupenda.

Shemeji Changamwe: Niseme la kwetu. Babangu ni wa Friends, yaani Quaker, wale wa Kaimosi, wamishenari walifika kule 1902. Waanzilishi wao Uingereza karne ya 17 walikataa vyeo kabisa, hata hakimu mahakamani walimwita kwa jina, wengine wakafungwa kwa ukaidi wa namna hiyo. Siku hizi kwetu wachungaji wapo na tunawaita wachungaji, lakini mzee hadi leo akikutana na mchungaji wake humwita kwa jina na kumshika mkono. Mamangu naye ni Jeshi la Wokovu. Huko cheo ni cha kijeshi, Kapteni, Meja. Na mwanamke aliyehitimu anaitwa Meja vilevile kama mwanamume. Sijawahi kusikia mtu akisema Mama Meja.

Shangazi Rabai: Asante baba. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Shangazi Rabai: Babu anataka kusema, naandika kwa niaba yake. Ngojeni, anaongea polepole.

Shangazi Rabai: Anasema: "Wanangu, msiseme vyeo ni maneno tu. Freretown kule Mombasa ilianzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, watu waliokuwa na bei. Miaka kumi baadaye, 1885, Askofu Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler wakawa mashemasi. Wote wawili waliuzwa wakiwa watoto. Wakasomea Bara Hindi, wakarudi huku, wakafundisha watu miaka mingi kabla kanisa halijawapa jina la kazi yao. Babu yangu alikuwa akituhadithia namna watu walivyoona fahari kuwaita Mchungaji, maana mtu aliyewahi kuuzwa sasa anaitwa na kijiji kizima kwa kazi ya Mungu. Basi na huyu mtoto wetu, kanisa limempa jina. Sisi ni nani tumpe la mumewe, na mumewe hata hana?"

Dani: 🙏🏾🙏🏾

Mama Neema: Nimekuelewa baba mkwe. Sikuwa na nia mbaya.

Shangazi Rabai: Anasema anajua hukuwa na nia mbaya. Anasema ndiyo maana amesema.

Dani: Na tukiendelea hivi itakuwaje na maaskofu? 2021 Anglikana imepata wawili wanawake hapa Kenya, Emily Onyango askofu msaidizi kule Bondo, na Rose Okeno wa Butere. Siku zote Mama Askofu amekuwa mke wa askofu. Rose Okeno akija hapa Mombasa, kijana wa itifaki aliyezoea akimtangaza Mama Askofu, watu watamtafuta askofu nyuma yake.

Mjomba Likoni: Unamtangaza Askofu. Basi.

Mama Mdogo Mtwapa: Shikamoo Babu. Shikamooni nyote. Nilikuwa ibada ya msiba, simu nimeizima, naona nimeachiwa jumbe nyingi. Sikutaka kuingilia jambo linalonihusu mwenyewe, lakini mmenigusa, niseme kidogo.

Mama Mdogo Mtwapa: Mahali nilipotumika kabla ya hapa tulikuwa makasisi wawili, mimi na kijana mmoja niliyemtangulia kuwekewa mikono. Wakati wa matangazo mzee wa kanisa alikuwa akisimama na kusema, "Leo Mchungaji wetu atahubiri, na dada yetu atatusaidia kwa sala." Kola tulizovaa ni zilezile. Kijana mwenyewe alikuwa akiona aibu. Sasa ikawa akina mama wakija kwangu na mambo mazito ya nyumbani, wanamalizia kwa kuniuliza, "Tumwambie na Mchungaji?" Hapo ndipo jina linapouma. Sidai kusujudiwa. Muumini asipojua kwamba aliye mbele yake ni mchungaji wake, hataniletea ninachopaswa kukibeba.

Shangazi Rabai: 😢 Hukuwahi kutuambia.

Mama Mdogo Mtwapa: Tungezungumza saa ngapi Shangazi, tukikutana ni kuchambua mchele. Kwetu Anglikana daraja ni tatu, shemasi, kasisi, askofu. Mimi ni kasisi, kadi iandike Kasisi. Kwa mdomo watu wakisema Mchungaji nitaitika kwa furaha. Pale nyumbani kwa Babu mniite mlivyoniita siku zote, Neema akiniita Kasisi nikiwa jikoni nitadhani amekasirika.

Mama Neema: Dada yangu nisamehe. Nabadilisha sasa hivi.

Mama Mdogo Mtwapa: Hakuna la kusamehe. Na jambo moja la sheria, kwa sababu Baba Mdogo anaweza kudhani tunapendelea. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 anayefungisha ndoa ya Kikristo lazima awe na leseni ya Msajili, na cheti kinajazwa na mwenye leseni. Kadi iseme wazi nani anafungisha. Fadha naye kanuni za kwao haziruhusu makasisi wawili wa makanisa tofauti wapokee kiapo kila mmoja upande wake. Anayepokea ni mmoja. Yeye atasoma Injili na kubariki.

Mjomba Likoni: Ndivyo alivyotueleza Fadha neno kwa neno.

Baba Mdogo Mikindani: Nimesoma yote. Shemeji wa Mtwapa, la kwako limeniingia, sitaki kuona mtu akinyimwa jina. Ndiyo sababu nami sitaki langu linyimwe.

Mama Mdogo Mtwapa: Haki yako. Nakuuliza tu, kanisa lako lilimsimika kuwa nani? Siku ile ya kuwekewa mikono, waliomwekea walisema nini?

Baba Mdogo Mikindani: Askofu. Kuna matawi Mikindani, Miritini na Mariakani, yote yako chini yake.

Mama Mdogo Mtwapa: Basi ni Askofu, na mimi nitamwita hivyo mbele ya watu wote. Nabii mkimwita nyinyi mnaomsikia kila wiki, hilo ni lenu na sitaliingilia. Wageni wa harusi wanataka kujua nani anawaombea na ana kazi gani kanisani kwake.

Baba Mdogo Mikindani: Ngoja nimpigie. Siwezi kuamua nyuma ya mgongo wake.

Jumamosi asubuhi

Baba Mdogo Mikindani: Habari za asubuhi. Nimezungumza naye usiku. Hakufurahi sana, nisiwadanganye. Dakta ameiacha bila neno, Nabii ameitetea. Mwisho akasema kwenye kadi liandikwe Askofu, ila mshereheshaji akimkaribisha kwenye chakula ataje na huduma yake ya kinabii. Nimemkubalia.

Mama Neema: Kwenye ukumbi sawa shemeji. Mshereheshaji nitamwambia mimi mwenyewe.

Dani: Basi maneno ni haya: "Ndoa itafungishwa na Kasisi, mamake mdogo bibi harusi. Injili na baraka: Padri, parokia ya bwana harusi. Sala ya kuwaombea maarusi: Askofu, Mikindani." Kila mtu na jina lake kamili. Mjomba, nimeandika Padri badala ya Fadha, ni sawa?

Mjomba Likoni: Ni sawa kabisa.

Shangazi Rabai: Babu anauliza mume wa Kasisi mmemwandika wapi.

Dani: Yuko kwa wazazi na walezi, "Mwalimu".

Shangazi Rabai: Anasema vizuri. Anasema pia maandishi yawe makubwa, ya mwaliko wa kwanza hakuyaona.

Mama Neema: Dani mtumie fundi sasa, kisha pitia Kongowea uulize bei ya nazi za jumla.