Gemu likigoma kufunguka kwenye Linux: tupeane uzoefu, chanzo na dawa

Mwanzisha uzi

Wakuu, kuuliza kama Linux inacheza magemu kumepitwa na wakati tangu Valve, wenye duka la magemu la Steam, watoe Proton, programu inayoendesha magemu ya Windows ndani ya Linux, mwaka 2018. Kinachosumbua sasa ni hiki: umebofya Play kwenye Steam, kitufe kikageuka Stop kwa sekunde chache, kisha kikarudi Play kama vile hakuna kilichotokea. Hakuna ujumbe wala dirisha. Tutaje dalili, chanzo na dawa. "Fomati urudi Windows" haihesabiki kama dawa.

Naanza na diski, maana watu hulaumu Proton wakati kosa liko huko. Mwenye Windows na Linux kwenye mashine moja hupenda kuielekeza Steam kwenye patisheni ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) ambako magemu tayari yapo. Proton hulitengenezea kila gemu Windows yake bandia ndani ya folda ya `compatdata`, na humo kuna viungo (symlink) vyenye majina `c:` na `z:`. Windows hairuhusu nukta mbili kwenye jina la faili. Kwa hiyo ama Linux itakataa kuviunda na gemu lisifunguke, ama itaviunda na Windows ikija kukagua diski ione ni uharibifu.

Dawa kamili ni kuweka magemu kwenye ext4 au Btrfs, mifumo ya faili ya Linux. Kama nafasi hairuhusu, futa `compatdata` iliyo kwenye NTFS (hamisha kwanza sevu, yaani hatua ulizofikia kwenye gemu), kisha andika hivi, `/mnt/magemu` ikiwa ni mahali patisheni yako ilipofungukia:

`mkdir -p ~/.steam/steam/steamapps/compatdata`
`ln -s ~/.steam/steam/steamapps/compatdata /mnt/magemu/SteamLibrary/steamapps/`

Zima pia Fast Startup ndani ya Windows. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa, na Linux inaweza kuifungua patisheni hiyo kwa kusoma tu.

msumari_wa_moto

Naongezea hapo hapo kwenye diski. Ext4 nayo inaweza kugoma ukiandika `user` au `users` kwenye `/etc/fstab` (faili linaloeleza diski zifunguliwe vipi), kwa sababu chaguo hilo hubeba `noexec` kimyakimya: faili zinasomeka, ila hakuna programu inayoruhusiwa kuendeshwa kutoka humo. Andika `defaults,nofail` yatoshe, au kama unaitaka sana `users`, weka `exec` baada yake. Mpangilio una maana: `exec` ikitangulia, inafutwa na `users`.

Halafu hakikisha folda ni mali yako: `sudo chown -R $USER: /mnt/magemu`. Hii ni ya ext4 na Btrfs, msiijaribu kwenye NTFS.

Biti32

Dalili ya kwangu: magemu mapya yanafunguka, ya zamani yote yanagoma. Hapo usihangaike na Proton. Magemu mengi ya zamani ni ya biti 32, na mfumo wako una draiva ya Vulkan (njia ambayo gemu hutumia kuzungumza na kadi ya picha, yaani GPU) ya biti 64 peke yake.

Ubuntu: `sudo dpkg --add-architecture i386`, `sudo apt update`, kisha `sudo apt install mesa-vulkan-drivers:i386`. Arch: fungua `/etc/pacman.conf`, ondoa alama ya # kwenye mistari yote miwili ya `[multilib]` (wengi huondoa mmoja), kisha `sudo pacman -Syu lib32-vulkan-radeon`. Wa Intel wachukue `lib32-vulkan-intel`, wa NVIDIA `lib32-nvidia-utils`.

Ili kujua ulipo, endesha `vulkaninfo --summary` na usome `deviceName`. Ukikuta `llvmpipe` peke yake, GPU haijaonekana kabisa na prosesa ndiyo inayochora picha. Gemu linaweza kufunguka, lakini kucheza utasahau.

Kwa NVIDIA: ukisasisha draiva bila kuwasha upya mashine, `nvidia-smi` italalamika `Driver/library version mismatch`. Kerneli (kiini cha mfumo) bado imeshika moduli ya zamani huku maktaba ni mpya. Washa upya, basi. Na kama Secure Boot (ukaguzi wa saini mashine inapowaka) imewashwa, moduli isiyo na saini inayotambulika haipakiwi. Ama uisajili ile saini kwa `mokutil`, ama uzime Secure Boot.

Mzee wa Kadi Kuukuu

Sisi wa kadi za zamani msitusahau. Kuanzia Proton 8, DXVK, ile sehemu inayogeuza Direct3D 9 hadi 11 kuwa Vulkan, inadai Vulkan 1.3. Kadi za NVIDIA za kizazi cha Kepler ziliishia draiva ya mfululizo wa 470 yenye Vulkan 1.2, kwa hiyo hata ukisasisha kila kitu haitasaidia. Bofya gemu kwa kulia, Properties, Compatibility, lazimisha Proton 7.0.

Kadi za AMD za usanifu wa GCN ya kwanza na ya pili kwenye kerneli za zamani huchukuliwa na draiva ya `radeon`, ambayo haina Vulkan. Ongeza kwenye `/etc/default/grub`, ndani ya `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`: `radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1` (kwa GCN ya pili andika `cik` badala ya `si`). Kisha `sudo update-grub` na uwashe upya.

padi_mbili

Laptopu yenye GPU mbili: gemu linafunguka ila linakokota, kumbe liko kwenye ile GPU ndogo. Kwenye Launch Options (ndani ya Properties za gemu) weka `DRI_PRIME=1 %command%` kwa AMD. Kwa NVIDIA, `prime-run %command%` kama toleo lako la Linux linayo. Ukiweka `MANGOHUD_CONFIG=gpu_name` mwanzoni kabisa na `mangohud` kabla ya `%command%` utaona jina la GPU inayofanya kazi.

Mlinda Lango

Kuna kundi lisilo na dawa, tuambizane ukweli tusipoteze usiku. Easy Anti-Cheat na BattlEye, kinga dhidi ya wachezaji wanaodanganya, zinaweza kufanya kazi kupitia Proton tangu 2021, ila mtengenezaji wa gemu lazima aruhusu mwenyewe. Fortnite inatumia Easy Anti-Cheat na haijaruhusu. Apex Legends iliruhusu, kisha ikafunga mlango mwishoni mwa 2024. Valorant ndiyo kabisa: kinga yake, Vanguard, inakaa ndani ya kerneli ya Windows, na Proton haina kerneli ya Windows ya kuipa. Angalia ProtonDB, tovuti ya ripoti za wachezaji, kabla ya kununua gemu lolote la mtandaoni, na usome ripoti za karibuni, siyo rangi ya medali tu.

Biti32

Naunga mkono. Na anayekuja na ujanja wa kuidanganya hiyo kinga, akaunti itafungiwa.

kitasa

Ukikwama kabisa, weka `PROTON_LOG=1 %command%`, fungua gemu, kisha soma faili la `steam-NAMBA.log` (NAMBA ni ile ya gemu kwenye Steam) kwenye folda yako ya nyumbani. Anzia chini, tafuta `err:`. Si kila `err:` ni tatizo; ya muhimu ni zile za mwisho kabla gemu halijafa.

Windows bandia ikiwa ndiyo imeharibika, futa `compatdata/NAMBA` ya gemu hilo, Proton itaunda nyingine. Ila gemu lisilo na sevu za mtandaoni mara nyingi huhifadhi sevu zake humo, chini ya `pfx/drive_c/users/steamuser`. Nakili kwanza.

msumari_wa_moto

Na mliosakinisha Steam kwa Flatpak (programu inayofungiwa kwenye eneo lake), hamtaikuta `compatdata` chini ya `~/.steam`. Tafuteni chini ya `~/.var/app/com.valvesoftware.Steam`. Diski ya pili haitaonekana mpaka uiruhusu: `flatpak override --user --filesystem=/mnt/magemu com.valvesoftware.Steam`, kisha funga Steam kabisa na uifungue tena.