Zermatt: sisi pombe hatugusi, mgahawa wa kienyeji tutakula nini?

Muuliza
Wakuu habari zenu. Mwezi ujao mimi na mke wangu tutakuwa Zermatt, Uswisi, siku mbili tu, na mke anataka sana tukae kwenye ile migahawa ya kizamani ya mbao nyeusi tule jibini ya kuyeyusha. Sasa nasikia fondue, ile jibini ya kuyeyusha ya kuchovya mkate, inapikwa na mvinyo, je kwenye moto si inaisha yote? Na bakshishi mnaachaga kiasi gani?

Jibu
Haiishi mkuu. Mvinyo mweupe unatiwa makusudi, ile asidi yake ndo inafanya jibini ilainike isishikane mabonge, halafu wengi wanamalizia na kirsch ambayo ni pombe kali ya cheri. Nyie kuleni raclette, na ndo chakula cha mkoa wa Valais penyewe mlipo. Nusu ya gurudumu la jibini inasogezwa kwenye moto, uso ukianza kutoa mapovu mhudumu anakwangua iliyoyeyuka inadondoka kwenye sahani yako, pembeni viazi vya kuchemsha na maganda yake, vitango na vitunguu vidogo vya siki. Ule ukingo ulioungua kidogo ukakauka ndo mtamu kuliko vyote, muombeni awakwangulie na huo. Mnakula na chai ya moto, safi kabisa.

Jibu
Naongezea, kama ni suala la dini jibini nyingi za kienyeji kule zinagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo amueni mapema mnasimamia wapi. Na rösti, vile viazi vya kukwaruzwa na kukaangwa, semeni kabisa "ohne Speck", Kijerumani cha "bila bekoni", maana bekoni wanaiweka kama chumvi. Mimi niliuliza nikiwa nimeshakaa mezani nikaambiwa fondue ishachanganywa na mvinyo, iliniuma sana, so ulizeni mnapobuki. Bakshishi msiumize kichwa, huduma imo kwenye bei, watu wanajazia faranga chache tu bili ikae namba nzima. Kama mna gari mnaliacha kijiji cha jirani, Täsch, Zermatt magari ya mafuta hayaruhusiwi, treni ni dakika 12.

Muuliza
Asanteni sana ndugu zangu. Mke kasoma hapa kasema basi ni raclette, na ule ukingo ni wake. Nabuki leo hii, naomba meza iliyo karibu na moto.