Tupeane uzoefu: Episodi mpya ya sizoni ya anga ilikukuta wapi, na ulikuwa na nani?

Ngosha wa Igoma (mwenye uzi)

Mwangaluka wakuu. Uzi huu ni wa sisi tunaofuatilia sizoni za kisayansi, za anga, za mashine za kurudi nyuma miaka na mambo ya namna hiyo, ambao ukizitaja kijiweni unaambiwa acha utoto tuangalie mpira. Sitaki orodha ya sizoni kali, nyuzi za hivyo zimejaa. Nataka useme episodi mpya ilipotoka ulikuwa wapi, uliipataje, na ilikufanya nini.

Naanza mimi. Stranger Things, ile episodi ya mwisho kabisa. Kule kwao Marekani iliachiwa tarehe 31 Desemba 2025 jioni, ambayo kwetu huku ni tarehe 1 Januari 2026 saa kumi alfajiri. Sasa piga hesabu, mkesha wa mwaka mpya kanisani, mchungaji anaombea mwaka, mimi simu mfukoni na bando nimenunua tangu mchana maana najua usiku ule mtandao unakuwa kama foleni ya daladala Buzuruga. Tumetoka saa saba, fataki, salamu kwa majirani, nimelala kama saa mbili hivi. Alamu inalia naenda sebuleni kwa kunyata nisimwamshe mama watoto, nakuta dogo kashakaa kwenye kochi na shuka lake ananisubiri. Huyu dogo sizoni hii inaanza Julai 2016 alikuwa anatambaa, saivi anaingia darasa la tano. Tukaangalia kwa simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, zaidi ya saa mbili, shingo zimekakamaa.

Mimi nimekulia vibanda umiza enzi za kanda alizotafsiri Lufufu, na huko sheria ilikuwa moja tu, STERINGI HAFI. Anaweza kupigwa risasi kumi akadondoka mtoni, tutakaa tumsubiri. Sasa kwa Eleven, yule binti mwenye nguvu za ajabu, pale mwisho dogo ananigeukia, baba amekufa? Nikamwambia hajafa, si umemsikia Mike mpenzi wake anavyosema. Akaniambia, Mike hajasema hajafa baba, Mike kasema anaamini hajafa.

Sikuwa na jibu. Nikaenda kuchemsha maji ya kuoga.

Karibuni.

Sato Mkavu

Mkuu ungeweka onyo basi!! Mimi ndo niko episodi ya 6 aisee, nimeipata juzi kwa jamaa wa laibrari ya kujazia sizoni kwenye flashi pale stendi. Umeniharibia mwaka.

Ngosha wa Igoma

Samahani sana mkuu. Lakini kama nilivyosema hata mimi sijui kama kafa.

Dada wa Minofu

Ngoja nitoe yangu maana nimeishika moyoni muda mrefu.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara, sitataja kipi. Asubuhi tukifika getini simu unaacha, saa unavua, hereni unavua, unaingia chumba cha kubadilishia unavaa gambuti, koti jeupe, kofia ya nywele, barakoa, unapita kwenye maji ya dawa. Ukitokea upande wa pili hakuna anayejua wewe ni mama nani. Unaitwa kwa meza yako. Kuna mtu nimesimama naye meza moja mwaka mzima, siku nikamkuta sokoni Kirumba amevaa dera nikampita, yeye ndo kanishika mkono, we dada unanipita?

Sasa shemeji yenu akaleta Severance. Kwa wasioijua, ni watu wamepasuliwa ubongo kwa hiari yao, wakipanda lifti ya ofisini wanasahau maisha yote ya nyumbani, wakishuka wanasahau yote ya kazini. Yaani mtu mmoja anakuwa wawili, wa ndani na wa nje. Na kilichoniuma mimi ni kwamba yule wa ndani halali kamwe. Lifti ikifunga jioni yeye anaona imefunguka tu ni asubuhi, kazi inaendelea. Hajui jua, hajui Jumapili. Niliposhtukia hilo nilisimamisha nikakaa kwanza, nikaangalia mikono yangu.

Sizoni ya kwanza iliisha Aprili 2022 pabaya, yule wa ndani wa Mark, steringi wake, amefika nje anapiga kelele mke wake yu hai, pap, imekatwa. Tukasubiri mpaka Januari 2025. Wakuu karibu miaka mitatu! Mimi nimeshika mimba, nimejifungua, nimemwachisha mtoto ziwa, Mark bado yuko kwenye ile nyumba hajamaliza sentensi.

Iliporudi ikawa kila Ijumaa moja, basi tukaapizana mimi na mume wangu kwamba hakuna kuangalia peke yako. Tunasubiri Jumamosi mtoto akilala. Episodi ya mwisho ya Machi, pale mlangoni, mke yuko nje analia anamwita, na yule wa ndani anageuka anarudi kwa Helly, mpenzi wake wa kazini... nililia mpaka nikakohoa. Mume wangu anasema lakini yule wa ndani naye ana haki, ndo maisha pekee aliyonayo. Nikamwambia wewe upo upande wa nani?? Tulilala mzungu wa nne.

Ila nitasema kimoja, walioandika ile hawajawahi kufanya kazi ya samaki. Mimi natamani hiyo lifti iwepo lakini harufu ya sangara ingeipanda pamoja na mimi. Mwanangu akininusa tu shingoni anajua mama katoka kazini.

Jiwe Juu ya Jiwe

Dada umenigusa. Mimi naishi mlimani Mabatini, wanaopajua wanapajua, nyumba imekaa juu ya mwamba kama mbuzi. Ziwa lote naliona dirishani. Bomba langu linatoa upepo. Linalia fyuuu, afu kimya. Maji napandishiwa na kijana wa madumu.

Basi usiku mmoja nimelala njaa ya maji hivyo hivyo nikaanza The Expanse, sizoni ya 2015, nimechelewa najua. Episodi ya kwanza kabisa kuna meli inaitwa Canterbury, kazi yake ni kwenda kwenye pete za sayari ya Zohali kukata mabarafu na kuyapeleka Ceres, kasayari kadogo wanakoishi watu, ili watu wapate maji ya kunywa. Hawabebi dhahabu wala silaha, wanabeba madumu! Hawa ni vijana wangu wa madumu wamepewa roketi. Na watu wa Ceres wanapimiwa maji wakati wao ndo wanaofanya kazi ya kuyaleta. Afu meli inalipuliwa, na mimi nilipiga kelele usiku ule jirani akagonga ukuta, hakujua kwamba nalilia maji.

Kingine kilichonipendeza ni wale watu wa Ukanda, yaani wanaoishi huko kwenye vijisayari kama Ceres, wanaongea kwa mikono sana. Sababu ni kwamba ukiwa umevaa suti ya anga mtu haoni uso wako wala hakusikii, kwa hiyo ishara inakuwa ya mwili mzima. Mjomba wangu ni mvuvi, wako hivyo hivyo! Mashine ya boti inanguruma, anampa mwenzake ishara kwa mkono mzima kuanzia begani, na hata akiwa sebuleni anakula ugali anakuomba chumvi kwa ishara ya kusimamisha boti.

Ilifutwa na runinga yao 2018 baada ya sizoni tatu. Washabiki wakachanga wakakodi ndege ivute bango juu ya ofisi za Amazon, na Amazon wakaichukua ikafika sizoni sita. Mimi ndege sina, lakini ningekuwepo ningechangia hata elfu mbili.

Karabai

Habari za mjini. Mimi niko mwaloni, kisiwa kimoja upande wa Ukerewe, kambi ya dagaa. Network inapatikana ukipanda kwenye jiwe moja tu, kwa hiyo nitaandika yote kwa mkupuo nishuke.

Huku sizoni haidanlodiwi, inakuja na boti. Kuna dogo anaenda Mwanza na dagaa wakavu anarudi na flashi. Kibanda kina paneli ya sola na tivii inchi 32. Sisi kazi yetu ni ya usiku wa giza, dagaa anafuata taa, mwezi ukiwa mpevu taa yako haina maana kwa hiyo tunapumzika siku kadhaa, tunashona nyavu na kuangalia sizoni. Ndo kalenda yetu ya tivii hiyo, mwezi.

Mwaka 2025 ikawa zamu ya Andor sizoni ya pili, ile ya Star Wars, steringi wake anaitwa Cassian. Wenyewe waliitoa kwa mafungu, episodi tatu kila wiki kwa wiki nne, kuanzia Aprili 22. Dogo akaleta fungu la kwanza, tukala tatu, safi kabisa, kuna harusi, kuna mama mkubwa mmoja anacheza muziki kama kapandisha mashetani maana anajua nyuma ya ile harusi kuna damu, na hiyo sura yake sitaisahau. Fungu la pili likaja. Tunafungua ya nne, hatuelewi. Watu wako pengine, yule mdada Bix yuko kwenye nyumba nyingine, hali nyingine, hakuna aliyeeleza. Kibanda kizima kikamgeukia dogo. "Umeruka!" Dogo anaapa hajaruka. "Umeleta ya saba ukaandika ya nne!" Mtu mmoja akataka hela yake. Mwenye kibanda akatoa hukumu kwamba dogo arudi Mwanza akalete zilizobaki kwa nauli yake mwenyewe.

Na dogo kweli kaenda!! Akarudi na flashi ile ile, ila safari hii kapewa maelezo na jamaa wa laibrari, kwamba kila fungu jipya la episodi tatu wanaruka mwaka mzima, ndo ilivyotengenezwa, miaka minne ndani ya wiki nne. Wazee hawakuamini. Babu mmoja akasema hakuna mtunzi mwenye akili timamu anayeweza kula mwaka mzima wa hadithi asikuambie.

Ila fungu la mwisho tumelipata katikati ya Mei mwezi bado unawaka ziwani, na tulilitazama kwa adabu. Maana sisi wachache tulikuwa tushaona Rogue One ya 2016, filamu ambayo hadithi hii inaishia na Cassian anafia humo, tunajua Cassian anaenda wapi. Pale mwisho anatembea kuelekea kwenye chombo, watu wanashangilia steringi anaondoka salama. Mimi nilitoka nje. Dogo akanifuata akaniuliza bro vipi, nikamwambia moshi.

Pole kwa urefu. Nashuka jiweni.

Sato Mkavu

Hahahaha "umeruka!" Dogo alipwe nauli yake jamani.

Mjukuu wa Ngara

Yangu fupi. Doctor Who, sizoni ya Waingereza ya Daktari anayesafiri angani na kwenye miaka kwa kabati la polisi. Ile Mei 2024 Ncuti Gatwa, aliyeigiza huyo Daktari, anaanza msimu wake, episodi mbili za kwanza zilitoka usiku wa manane wa Uingereza kuamkia tarehe 11, huku ni saa nane usiku. Nilikuwa Nyegezi kwa bibi, yeye ni wa Ngara mpakani na Rwanda, usingizi hana, akaja kukaa. Namwambia bibi huyu kazaliwa Kigali, wazazi walikimbia vita wakamlelea Uskoti. Bibi akamwangalia muda mrefu akasema "huyu wa kwetu kabisa, huo uso naujua." Kuanzia hapo kila nikifika ananiuliza mtoto wa Kigali yuko wapi, bado anakaa kwenye lile kabati la polisi? Linaingiaje watu wengi vile? Nikimwambia ndani ni kubwa kuliko nje anasema hata msonge wa mama yake ulikuwa hivyo.

Mwaka uliofuata mwishoni mwa Mei akamaliza zamu yake, anawaka mwanga, anageuka, anakuwa Billie Piper, mwigizaji wa kike mzungu. Bibi kimya. Afu akasema "mtoto wa watu wamemfanya nini?" Nikaeleza kwamba yule ni yule yule ila kabadili mwili, ndo wanavyofanya tangu miaka ya sitini. Akasema sawa, lakini mwambieni mama yake.

Ngosha wa Igoma

"Mwambieni mama yake" 😂😂 bibi apewe uzi wake.

Na mimi niongeze kwa kuwa Mjukuu kaleta habari ya kwetu. Kuna ile Kizazi Moto ya 2023, katuni kumi za waandaaji wa Afrika, jina la Kiswahili kabisa. Mimi niliipenda ya Mganda, wachungaji nusu watu nusu mashine wanalinda ng'ombe dhidi ya mizimu katika himaya ya Chwezi. Msukuma ukimwonyesha mchungaji wa miaka ijayo hashangai kwamba ana mkono wa chuma, anauliza hizo ng'ombe ngapi. Lakini ni dakika chache tu imeisha. Lawama yangu kwa zile zote ni hiyo, unapewa kijiko kimoja sahani inaondoka. Siku moja nimepita daraja la Kigongo–Busisi jioni, taa zimewaka, ukungu juu ya maji, kilomita tatu unaelea, nikamwambia kondakta hapa mtu angeleta kamera tu. Akaniambia nauli kwanza.

Jiwe Juu ya Jiwe

Dada wa Minofu hujamaliza, mlilala mzungu wa nne afu ikawaje? Na shemeji kweli alitunza kiapo wiki zote kumi?

Dada wa Minofu

Hakutunza. Alikuwa anaangalia Ijumaa nikiwa zamu ya usiku, afu Jumamosi anakaa na mimi anajifanya mgeni. Nilimjulia hapo hapo kwenye ile ya mwisho. Mark hajafika hata kwenye mlango, ngazi bado, mume wangu akanyanyuka akaenda kuniletea kitambaa.