Ushauri: naandika riwaya ya watoto, mhusika mkuu ana ualbino na rafiki yake amemwacha

Kalamu ya Sengerema: Habari zenu wakuu. Riwaya ni ya watoto wa miaka 9 hadi 12. Tatu ana ualbino, Rehema ni rafiki yake tangu chekechea. Wanakaa dawati moja, Rehema anamsomea ya ubaoni, Tatu anaandika. Darasa la tano Rehema anapata marafiki wapya, anahamia nyuma bila kusema neno. Mwishoni Tatu anamwokoa Rehema asizame ziwani, shule nzima inampigia makofi, wanapatana. Mke wangu kasoma, kasema mwisho haujamgusa. Nifanyeje?

Mtoto wa Ukerewe: Mkuu, mimi nina ualbino, nakwambia ukweli. Mwisho huo unasema Tatu anastahili rafiki kwa sababu kafanya ushujaa. Asingeokoa mtu je? Toa ziwa. Kisa chako kiko kwenye lile dawati. Rehema akishahama, daftari la Tatu linabaki jeupe. Miwani inatusaidia lakini haimalizi tatizo, maana macho yenyewe yanachezacheza na mwanga unatuumiza. Mimi nilikuwa nainuka, naenda hadi ubaoni, nasoma mstari mmoja pua ikikaribia kugusa chaki, narudi kuandika, naenda tena. Walicheka. Mwandike Tatu siku ya kwanza anapoinuka na miguu inakuwa mizito, kisha siku anayoinuka bila kugeuka kuangalia nani anacheka. Hapo keshajikubali, huna haja ya kulitangaza. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua ya Kilisun ya kule Moshi viwemo kama vitu vya kila siku.

Mdau wa Kanda: Na mauaji ya watu wenye ualbino? Huku Kanda ya Ziwa huwezi kuandika ualbino ukayaruka.

Mtoto wa Ukerewe: Asiyaruke. Jioni mama amngojee Tatu njia panda, msomaji ataelewa. Ila kitabu kizima kikiwa hofu, mtoto mwenye ualbino atakifunga akijiona windo tu.

Mwalimu Mstaafu: Mpe na Rehema sababu yake. Labda alichoka kuwa macho ya mwenzake kila kipindi, akaona aibu kusema. Halafu mwalimu wa darasa yuko wapi? Anayeijua kazi humketisha mtoto huyo mbele, mbali na dirisha la jua, na husoma kwa sauti anachoandika. Hata NECTA, Baraza la Mitihani, huwa na karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Kumtwisha mtoto mwenzake mzigo ule wote ni uzembe wa mtu mzima, na kitabu kiuonyeshe.

Kalamu ya Sengerema: Asanteni sana, hili la mwalimu sikuwa nimeliwaza kabisa. Ziwa nimelifuta. Sasa naona Rehema anarudi, Tatu anamwambia, "Kaa, lakini ubaoni nitaenda mwenyewe." Wawe marafiki kama zamani?

Bi Mdogo wa Tanga: Kama zamani hapana, ndugu yangu. Na Rehema aombe radhi kwa mdomo wake. Watoto wanahitaji kuyasikia maneno hayo yakitamkwa. Tatu naye asikimbilie kusamehe, apitishe wiki akiwa bado ana kinyongo, ni haki yake.

Kalamu ya Sengerema: Naandika upya kuanzia siku Rehema anahama. Mtoto wa Ukerewe, naomba uisome sura ya dawati kabla sijampa mtu mwingine.

Mtoto wa Ukerewe: Tuma. Ukuze maandishi tu.