Mrejesho: hoteli ya bei ya kati Mji Mkongwe

Wadau, niliuliza hapa nifikie wapi Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa bei ya kati, nikiwa na mama anayesumbuliwa na magoti. Tumerudi Dar salama, asanteni sana.

Nilimfuata aliyesema nitafute hoteli Shangani, mtaa wa hapo Mji Mkongwe, na niulize habari za ngazi kabla ya kulipa. Kweli, hoteli niliyokuwa nimeipenda kwa picha haina lifti, na chumba kilichobaki kilikuwa juu kabisa. Hoteli nyingine wakatupatia chumba cha chini, kinachotazama uani. Kitanda cha besera, kile chenye nguzo na kitambaa juu, kimeinuka hadi mama akaletewa kigoda cha kupandia! Jioni tulifika bustani ya Forodhani, pale ufukweni, kwa mwendo wake, pole pole.

Kilichogoma ni usingizi. Uani hakuna kelele za pikipiki, lakini jiko liko hapo hapo, na alfajiri sufuria zinagongana. Walituhamisha bila ubishi, ila chumba cha pili kilinuka unyevu. Tukavumilia.

Teksi haifiki mlangoni, vichochoro vyembamba. Uliyeshauri tuombe kijana wa hoteli atupokee mizigo barabarani, Mungu akubariki, mama alitembea mikono mitupu.